Kiti cha Mavyaa

Siku niliyorudisha funguo za kabati la wodi mlinipa doti ya kanga, keki, na saa ya ukutani. Kwa saa nashukuru, ingawa sijui mlifikiri mtu aliyestaafu anawahi wapi. Kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi, kwa ajili ya wasichana wanaoanza uuguzi. Nilicheka, nikakubali, na tangu hapo sijatulia. Mimi ukinipa jambo dogo la kufanya nitalihangaikia mpaka liwe kubwa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikiingizwa peponi nitauliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi.

Habari za vyeo sitaandika, havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Dawa na vipimo mnavijua kuliko mimi. Nitaandika habari ya kiti kimoja kilichokuwa kando ya kitanda katika wodi ya wazazi, na nina sababu ya kuandika sasa hivi, ambayo mtaiona mwishoni.

Niliingia kazini hapa Unguja mwaka uliofuata Mapinduzi. Madaktari wengi wa zamani walikuwa wameshaondoka, na mahali pao wakaja wageni kutoka China na kwengineko. Nilikuwa msichana wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, binti wa seremala, nimetoka skuli na Kiingereza cha darasani. Nilidhani nitawekwa mlangoni kuandika majina ya wagonjwa. Nikaambiwa nitakuwa mdomo wa daktari.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo kutoka China, mfupi, mwenye viatu vya kitambaa visivyotoa sauti. Tulimwita Daktari Wen. Kiingereza chake alikisoma vitabuni kama mimi, basi tulikuwa tunahangaika nacho kama watu wawili wanaopitisha meza kwenye mlango mwembamba. Kutoka Kiingereza hicho mimi nikitoe Kiswahili, na kutoka Kiswahili cha wagonjwa nimrudishie jibu. Nikikosea, mtu anapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kula.

Baba yangu aliniita kabla sijatoka nyumbani asubuhi ile ya kwanza.

"Huko unakokwenda sikia sana, sema kidogo."

"Baba, kazi yenyewe ndiyo kusema."

Akaendelea kupiga randa ubao wake, kisha akasema, "Basi Mungu akusaidie." Ndivyo nilivyoanza kazi, na dua ya mtu aliyekata tamaa.

Nyinyi mliozaliwa baadaye mtaona baba alizidisha. Hakuzidisha. Miaka ile kila nyumba ilikuwa na jambo isilolisema. Walikuwa wakija wanawake wa Mji Mkongwe, wa asili ya Kiarabu, ambao jana yake walikuwa na mashamba na watumishi, wakitutajia majina mafupi kuliko yale waliyozaliwa nayo. Ukimuuliza mmoja wao baba wa mtoto yuko wapi, anatazama dirishani. Mara ya kwanza nilirudia swali, kwa sababu daktari alitaka jibu. Yule mama alikusanya nguo zake taratibu akaondoka na homa yake, na hakurudi tena. Toka siku hiyo nilikuwa nikiliogopa swali hilo.

Aliyeniokoa ni Bi Mwaka, mkunga mkuu wa wodi. Alikuwa mwanamke mnene wa Makunduchi, mwenye kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ambacho alikichomeka mfukoni mwa gauni lake na hakumwazima mtu. Siku yangu ya pili alinikuta nimesimama ukumbini nalia. Daktari Wen alikuwa amepita vitanda vyote, kila mgonjwa ameulizwa hali yake, na kila mgonjwa amejibu kwamba hajambo. Daktari akaniuliza, kwa upole tu, kwamba ikiwa wote hawajambo, hospitali wamekuja kufanya nini.

"Na wewe ukamjibu nini?" aliuliza Bi Mwaka.

"Nilitoka nikaja hapa."

"Mtu ukimuuliza hujambo, atasema nini? Akurushie maradhi yake usoni kabla hujakaa? Hiyo sijambo ni kuvua viatu mlangoni, hajaingia ndani bado. Muulize habari za nyumbani. Muulize safari. Muulize nani kabaki na watoto. Atakapokwambia 'ila', hapo ndipo umwite daktari."

Nilimfikishia Daktari Wen maneno hayo. Alifikiri, akaandika kitu, na kesho yake akatenga muda wa kungojea "ila". Wauguzi wengine walilalamika kwamba mzunguko wa asubuhi umekuwa wa harusi.

Bi Mwaka alinifundisha mengi kwa namna hiyo, akipita, mikono imejaa mashuka. Usimlazimishe mwanamke kutamka jina la mume wake, muulize mwenzake wa kitanda cha pili. Usimsifu mtoto bila ya Mashaallah, mama yake hatakusikiliza tena, atakuwa anahofia jicho lako. Usimuulize mtu mbele ya watu mimba hii ni ya ngapi, maana huenda anayo moja ambayo waliokaa hapo hawaijui. Lakini fundisho ambalo lilinikaa kuliko yote alinipa tukiwa tunakunja nepi.

"Ukitaka kumjua mwenye uchungu, usimtazame mdomo. Mtazame vidole vya miguu. Mdomo umefundishwa, vidole havijafundishwa."

Na kweli mdomo ulikuwa umefundishwa. Msichana wa siku zile, kabla hajaolewa, alikuwa na somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda mambo ya utu uzima, aliyempeleka kwa mumewe, na ambaye hata baada ya harusi ndiye anayemwambia yale asiyoweza kumwambia mama yake mzazi. Somo humfunda kwamba uchungu wa uzazi hauliliwi. Akilia ni aibu yake, ni aibu ya mama yake, na zaidi ni aibu ya somo mwenyewe, kwamba hakufunda. Mbele ya nani hasa asilie? Mbele ya mavyaa, mama wa mumewe. Huyo akisikia kelele, habari inafika upande wa mume kabla mtoto hajafika duniani.

Sasa changanyeni hayo na sheria ya wodi. Zamani mgonjwa mmoja alikuwa akija na mikeka, masufuria na nusu ya kijiji, hata daktari hapati pa kuweka mguu. Uongozi ukakata shauri kwamba kila kitanda kitakuwa na kiti kimoja na mtu mmoja wa kukikalia, wengine wangoje nje ya geti. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ila aliyeitunga hakujiuliza ni nani atakayekaa. Kwa desturi yetu hakuna la kujiuliza, kiti ni cha mkubwa. Na mkubwa katika safari ya kujifungua, mara nyingi, ni mavyaa.

Mwaka wangu wa tatu kazini, Bi Mwaka alikwenda Chwaka kwenye msiba wa dada yake. Nilimwomba asiende. Nasema kweli, nilimshika mkono nikamwomba asiende msibani, na akaniambia niache utoto. Nilikuwa na hakika kwamba akitoka yeye litaingia jambo, na mchana ule ule, baada ya adhuhuri, lori la nazi kutoka Kizimkazi likasimama getini likashusha wanawake watatu.

Wa kwanza alikuwa Riziki, mwenye mimba yake ya kwanza, msichana mwembamba ambaye tumbo lilionekana kama amelibebea mtu mwengine. Wa pili alikuwa Bi Mize, mavyaa wake, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu na mgongo ulionyooka, tasbihi mkononi. Wa tatu alibaki nje kwenye benchi na furushi la nguo. Hakuna aliyemuuliza jina, sheria ni mtu mmoja.

Riziki akalazwa. Bi Mize akakaa kwenye kiti, akakunja buibui mapajani, akatazama ukuta. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba. Nikauliza habari za safari, za Kizimkazi, za nazi. Zote nzuri. Kisha nikamgeukia mgonjwa, Daktari Wen amesimama nyuma yangu.

"Hujambo, Riziki?"

"Sijambo."

Nikangoja "ila". Haikuja.

"Uchungu umekuanza lini?"

Alimtazama mavyaa wake kwa pembe ya jicho. "Leo."

"Leo asubuhi?"

"Leo tu."

"Unauma sana?"

"Kidogo."

Nikauliza kuhusu maji, nikauliza kuhusu damu, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Akatikisa kichwa. Bi Mize alivuta punje za tasbihi, macho ukutani. Nilimfikishia daktari kila jibu kama nilivyopewa. Daktari Wen aliweka sikio kwenye kipembe chake mwenyewe, akasikiliza upande mmoja wa tumbo, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza. Kisha kitanda cha mwisho msichana mmoja wa mjini akapiga ukelele wa kupasua dari, na daktari akaitwa huko. Alisema huyu uchungu wake bado mdogo, atarudi.

Nikabaki nimesimama. Nikatazama chini, mwisho wa shuka. Vidole vya Riziki vilikuwa vimejikunja mpaka vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Vilikunjuka kidogo, vikajikunja tena, na safari hii pembe ya kanga ilikuwa mdomoni, ameiuma. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Huo uso ndio ulionitisha.

Nataka mwelewe nilivyokuwa, kwa sababu siku moja mtakuwa hivyo. Nilijua anaficha. Nikimwambia daktari mbele yake kwamba majibu haya si ya kweli, nimemwita mwongo na mavyaa wake anasikia. Nikimwambia Bi Mize atoke, nimemfukuza mtu mzima mbele ya wodi nzima, mimi msichana wa Ng'ambo niliyevaa kofia ya serikali. Miezi michache kabla yake muuguzi mmoja alimtoa bibi mmoja kwa kumshika mkono, na upande wote ule wa kusini wanawake wakaacha kuja, wakabaki kuzalia nyumbani wakisema kule kuna wageni wanaopasua watu bila sababu na watoto wasio na adabu wanaowasaidia. Bi Mwaka alizunguka nyumba kwa nyumba kuwarudisha. Sasa yuko Chwaka, na mimi ndiye niliyebaki. Nikinyamaza nitamzika mtu, nikisema nitafunga mlango kwa wengine nisiowajua. Jasho lilinitoka mpaka kofia ikateleza.

Nilikwenda kitanda cha mwisho nikamnong'oneza Daktari Wen kuhusu vidole. Hakucheka. Alirudi, akaweka kiganja juu ya tumbo la Riziki, akakiacha hapo kwa muda. Tumbo lilikuwa gumu na halikulegea kama inavyotakiwa. Akasema nami kwa Kiingereza, bila kuniangalia: mwambie mama mtu mzima atoke nje, sasa hivi.

Nikapiga goti kando ya kiti.

"Bi mkubwa, daktari ana shauri kubwa. Katazama wodi nzima, hajamwona mtu wa kumshauri isipokuwa wewe. Anakuomba, kama hutochoka na kama hutoona uzito, ufuatane naye mpaka ofisini, akuulize mambo ya ukoo ambayo sisi watoto hatuyajui."

Daktari Wen alikunja uso. Akaniuliza mbona maneno yamekuwa mengi hivyo.

"Ndivyo tunavyosema 'toka', daktari," nilimjibu.

Bi Mize alinitazama. Macho yake yalinipitia kutoka kwenye kofia mpaka kwenye goti, nami nikawa na hakika kwamba amejua na kwamba atakataa. Kisha akasimama. Alisimama haraka kuliko nilivyotarajia kwa magoti yale, hata tasbihi ikamwanguka, nikamwokotea. Wakatoka yeye na daktari, mmoja mrefu, mmoja mfupi, hakuna anayejua neno la mwenzake.

Nikakimbia getini.

"Somo wa Riziki ni nani?"

Yule mwanamke wa benchi akainuka na furushi lake. "Mie. Naitwa Pili. Kuna nini?"

"Njoo."

Mlinzi akaweka mkono mbele. "Sheria mtu mmoja, dada."

"Na huyu ni mmoja. Yule mwengine katoka."

Alifikiri, akaona hesabu ni sawa, akaondoa mkono.

Bi Pili hakukikalia kiti. Alikisogeza kwa mguu, akakaa kitandani, akakichukua kichwa cha Riziki akakilaza mapajani mwake.

"Mwari wangu, nshakuja. Hapa pana mie na wewe. Hapana mtu."

Riziki akatoa kanga mdomoni. Sauti iliyomtoka ilimnyamazisha hata yule msichana wa mjini. Ilikuwa ndefu, nzito, na ndani yake mlikuwa na siku mbili nzima. Baada yake maneno yalimwagika, kwa Kikae, lahaja ya kwao kusini, na Bi Pili akinigeuzia. Uchungu ulimwanza juzi. Maji yalishatoka jana. Damu ilianza njiani, ndani ya lori, akaikalia. Na mtoto, alisema akiwa ameshika mkono wa Bi Pili kwa mikono yote miwili, mtoto alikuwa akicheza na sasa hachezi.

Nilipofika ofisini niliwakuta wale wawili wamekaa wakitazamana juu ya meza. Daktari Wen alikuwa amemimina chai yake mwenyewe ya chupa kwenye kikombe cha bati, na anamkabidhi Bi Mize kwa mikono miwili, jambo ambalo sikumfundisha mimi wala mtu mwengine hapa. Bi Mize alikipokea kwa mikono miwili vile vile. Nikasema niliyoyasikia, kwa Kiingereza kilichokatikakatika. Daktari akauliza neno moja, akauliza la pili, kisha akasema: apasuliwe sasa hivi, la sivyo atakufa yeye na mtoto, mwambie, tunataka ruhusa yake.

Kwetu hakuna anayemwambia mtu hivyo. Kifo hakitajwi mbele ya mwenye mgonjwa, ni kama kukiita. Nikaanza kuzunguka.

"Bi mkubwa, daktari anasema mambo yamekuwa mazito kidogo. Njia imekuwa nyembamba. Sasa, Mungu akijaalia, anaona pengine ingekuwa kheri..."

Bi Mize akaweka kikombe mezani.

"Mwanangu, nnakuuliza, na unijibu kama unavyomjibu huyo mgeni. Akikaa hivi alivyo, atakufa?"

"Naam."

"Na akipasuliwa?"

Nikamuuliza daktari, nikamrudishia alivyosema. "Huenda wakapona wote wawili. Huenda."

"Basi mwambie apasue. Mumewe ni mwanangu mie, yuko Kizimbani kwenye karafuu za serikali, hapatikani sasa. Lawama ntabeba mie."

Daktari Wen hakungojea tafsiri. Alikwishaondoka, na viatu vyake vya kitambaa, kwa mara ya kwanza, nilivisikia.

Mimi sikuingia chumba cha upasuaji, huko walikuwa hawahitaji mdomo. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, Bi Mize upande huu, Bi Pili upande ule, mimi katikati. Jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa dirishani na kutuchoma miguu, na hakuna aliyesogea. Nilikuwa nikisoma kila nilichokumbuka katika Kurani, nikifika katikati nasahau, naanza tena. Nilijiambia kwamba akifa, watasema mkalimani alimtoa mavyaa kwa hila ili wageni wampasue. Na wangekuwa hawakusema uongo.

Mwishowe nikashindwa. "Bi mkubwa, nisamehe. Nilikuondoa kwenye kiti kwa ujanja."

Bi Mize alicheka pumzi moja, bila furaha.

"Ujanja gani? Wadhani sikujua? Mie ile damu nliiona ndani ya gari."

Bi Pili aligeuka. Mimi sikuweza hata kugeuka.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza Bi Pili.

"Nseme na nani? Nkimuuliza mbele ya watu, nshamvua nguo. Nkiinuka mwenyewe, watasema mavyaa kamtupa mkazamwana na uchungu wake, kaenda zake kupunga upepo. Nkimwita Pili aje akae pahala pangu, nshakiri kwamba mtoto wa watu ananiogopa." Alivuta punje moja ya tasbihi. "Na ananiogopa, nnajua, na mie nlimwogopa mavyaa wangu. Nkakaa. Nkamwomba Mungu alete mtu aniondoe."

Akavuta punje nyengine.

"Ulichelewa, mwanangu."

Alisema bila ukali. Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, na hakuna tusi ninalolikumbuka kama maneno hayo mawili.

Mtoto alitolewa kimya. Tuliambiwa baadaye kwamba Daktari Wen alimsugua, akamgeuza, akampulizia, akamsugua tena, na waliokuwepo walishaanza kutazama chini. Sisi ukumbini tulisikia tu mlango mzito ukifunguliwa, halafu sauti ndogo, kama ya paka aliyekanyagwa, ikakatika, ikarudi kubwa zaidi. Muuguzi akatoka mbio, amemkumbatia akimpigapiga mgongoni kumnyamazisha. Riziki alikuwa hai, alisema, kapoteza damu nyingi lakini yu hai.

"Usimnyamazishe!" Bi Mize alisimama, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. "Mwache alie. Huyo hajafundwa bado."

Bi Pili ndiye aliyecheka kwanza, huku akilia, kisha sote watatu.

Bi Mwaka aliporudi kutoka msibani nilimweleza kila kitu, nikitegemea sifa. Aliniuliza ikiwa nilikumbuka kukirudisha kiti mahali pake. Lakini kesho yake nilimwona akipita vitanda kabla ya daktari, na hakuwa akitazama wagonjwa. Alikuwa akitazama nani amekaa.

Daktari Wen naye hakuniambia mengi. Alinieleza siku moja, tukiosha mikono, kwamba kwao kijijini mama wa mume pia ana kiti chake. Kisha akaniomba nimfundishe ile namna ndefu ya kusema "toka". Alijifunza maneno yote, na mahadhi yake ya Kichina, akipiga goti kama mimi. Mpaka anaondoka kurudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa ameshawaomba ushauri mavyaa wa nusu ya Unguja, na chai yake yote ya chupa iliishia kwao. Wote waliinuka. Nilikuwa nikiwatazama wanavyoinuka, na kila nilipomwona anayeinuka haraka kuliko magoti yake yanavyomruhusu, nilijua huyu naye alikuwa akingoja.

Sasa nakuja kwenye sababu ya kuandika.

Wiki iliyopita mliniona wodini. Mke wa mwanangu, Rahma, aliletwa na uchungu, na mimi nikaja naye. Viti siku hizi ni vya plastiki. Nilikaa. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuja mbio.

"Shikamoo Bi Zaina! Karibu kwako!"

Akaniletea mto wa mgongoni. Akaniletea soda. Kisha akamgeukia Rahma, akamuuliza anajisikiaje. Rahma akanitazama mimi kwa pembe ya jicho.

"Sijambo," akasema.

Nilitazama mwisho wa shuka. Nyinyi mnajua nilichokiona, mimi ndiye niliyewafundisha. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu hawezi kuinuka. Miaka yote nimewatoa wanawake kwenye kiti kile, nikidhani kwamba wazito ni wao. Kiti chenyewe ndicho kizito. Nikiinuka, mwanangu atasema mama kamwacha mke wangu. Nikimuuliza, nimemvua nguo. Mama yake Rahma alikuwa nje ya geti, mtu wa watu, akingoja. Nikawatazama nyinyi mmoja mmoja mnavyopita. Mliniamkia kwa adabu zote. Kila shikamoo ilinigandisha zaidi, maana nilijua hamtathubutu, mimi ni mwalimu wenu. Nilikaa pale na soda mkononi nikimwomba Mungu alete mtu, na nikamsikia Bi Mize ananiambia nilichelewa.

Mwishowe nikasimama. Nilisema nakwenda kusali alasiri, na alasiri nilikwishaisali. Nilimfanyia mlinzi wa geti ishara kwa dirishani amwingize mama yake Rahma. Kabla sijafika mwisho wa ukumbi nikasikia nyuma yangu mkazamwana wangu analia kwa sauti, vizuri, kama inavyotakiwa.

Kajifungua salama, mtoto wa kiume, kelele zake mmezisikia wenyewe. Mto na soda nimewasamehe. Lakini nina mwana mwengine, na mkewe ana mimba ya miezi mitano. Nitakuja naye, nitakaa kwenye kiti kile kile, na mtaniamkia. Tafadhalini, wanangu, safari hii niombeni ushauri.